Vocha za waifai haziibwi na mtu, zinaliwa na saa ya ruta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji, maana kuna jambo linagombanisha watu mtaani kila siku na sijaona anayelieleza. Mi ni fundi wa mitandao hapa Mbeya, nafunga waifai za vocha, kamera, pampu za kujiwasha na inkubeta za vifaranga. Kila umeme ukikatika na kurudi napigiwa simu za aina moja: mteja kanunua vocha ya masaa 24, kaingiza namba zake vizuri tu, baada ya dakika chache anaambiwa muda wako umeisha, na pengine hata ukurasa mmoja hajafungua. Anaenda kwa mwenye waifai anamwambia umeniibia, mwenye waifai anaapa hajagusa kitu, na kweli hajagusa, majirani wanajaa, na mwisho wa siku kijana aliyekopa hela kufungua kabiashara kake anaitwa tapeli mtaa mzima. Nshaona watu wakivunja urafiki wa miaka kwa vocha ya shilingi mia tano.

Mwizi hapo yupo ila sio mtu, ni jinsi programu ilivyoandikwa. Naomba nieleze taratibu, mtu ambaye hajawahi kushika kompyuta naye ataelewa.

Programu ya vocha inafanya kazi hivi. Mteja akiingiza namba kwa mara ya kwanza, programu inatazama saa ya ruta, yaani kile kikasha kinachogawa intaneti, inaongeza masaa 24, alafu inaandika pembeni ya ile vocha tarehe ya kufa. Baada ya hapo kila dakika inapitia orodha yote inajiuliza, sasa hivi ni saa ngapi tarehe ngapi, je imeshapita hii iliyoandikwa, na kama imepita inamkata mteja. Ukisikiliza haraka haraka unaona hakuna kosa lolote. Kosa ni kwamba imeiamini saa ya ruta, na ruta nyingi hizi ndogo hazina betri ya kutunza saa. Kompyuta ya mezani ina kile kibetri cha duara, CR2032 cha volti 3, ndo kinachofanya ukichomoa waya wiki nzima ukiwasha unakuta tarehe iko sawa. Ruta ndogo haina hicho kitu. Umeme ukikatika saa yake inakufa, ukirudi inaanza upya na tarehe 1 Januari 1970, au nyingine na tarehe aliyoiweka mtengenezaji kiwandani, na inabaki hapo mpaka intaneti ikae sawa ndo iulize saa sahihi kwenye seva za saa huko nje.

Kwanini 1970, ni kwasababu mifumo ya jamii ya Unix, ndo inayoendesha ruta nyingi, inahesabu muda kwa sekunde tangu saa sita usiku ya kuamkia tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za dunia, yaani hiyo ndo sifuri yao. Kifaa kisichojua kitu kinaanzia sifuri.

Sasa intaneti mara nyingi hairudi dakika ileile umeme unaporudi, maana na vifaa vya mnarani na vya njiani navyo vinahangaika kuwaka. Hapo katikati ndo mteja anaingiza vocha yake. Ruta inaamini leo ni tarehe 1 Januari 1970, inamwandikia vocha hii itakufa tarehe 2 Januari 1970. Mteja anaona imekubali, anasubiri mtandao ushike. Mtandao unashika, ruta inauliza saa, inaruka miaka zaidi ya 50 kwa mpigo mmoja, programu inapita kwenye orodha inakuta ile vocha imekufa nusu karne iliyopita, inaikata. Watu wote walioingia kwenye hizo dakika wanakatwa pamoja, wakati mwingine kumi wakati mwingine thelathini, na ndo maana wanaamini kuna mtu kabonyeza kitufe.

Na upande wa pili nao unaumia, nauona sana ila wenye biashara hawausemi. Kuna sehemu ruta haijapangiwa seva ya saa kabisa, au imepangiwa lakini imezibwa, basi ikiwaka na 1970 inabaki na 1970. Mteja aliyenunua jana kabla umeme haujakatika vocha yake imeandikwa inakufa leo ya mwaka huu, na ruta inaona mwaka huu bado uko mbele sana, kwa hiyo huyo anatumia bure wiki hadi wiki, na hata umeme ukikatika tena vocha yake haiishi. Mwenye duka anashangaa hela haiingii na bando linaisha. Hapo anasema wateja wamehaki. Hamna aliyehaki.

Kiini chote ni hiki. Ndani ya kila kompyuta, simu na ruta kuna saa mbili na watu wengi wanaijua moja tu. Ya kwanza ni saa ya tarehe, ile inayokwambia leo ni Jumanne saa nne asubuhi. Hii inarekebishwa na inaweza kwenda mbele na kurudi nyuma wakati wowote, na ndo kazi yake, kufuata saa ya dunia. Ya pili ni kaunta, inaanza kuhesabu kifaa kikiwaka na haijui tarehe wala mwaka, inachojua ni kwamba tangu niwake zimepita sekunde kadhaa, na hairudi nyuma hata ubadilishe tarehe mara mia. Ukitaka kujua leo ni lini unauliza ya kwanza, ukitaka kujua umepita muda gani unauliza ya pili. Anayepima masaa 24 kwa saa ya tarehe ni sawa na mtu anayepima mbio kwa kutazama saa ya ukutani huku mwenzake amesimama kwenye kiti anasogeza mishale.

Nimejiuliza kwanini kosa hili limejaa kwetu hivi na nadhani sababu moja ni kwamba Afrika Mashariki hatubadilishi saa. Wenzetu walioko Ulaya kila Jumapili ya mwisho ya Machi wanasogeza saa mbele lisaa limoja na Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanairudisha, kwa hiyo developa wa kule anaumizwa mara mbili kwa mwaka mpaka anajifunza. Sisi tuko saa tatu mbele ya saa za dunia mwaka mzima, kijana anaandika programu yake, anaijaribu chumbani kwake umeme upo intaneti ipo, inakubali, anauza. Akilini mwake saa ni kitu kisichosogea. Lakini saa zetu zinasogea sana tena kwa njia ambazo huyo wa Ulaya hazijui.

Umeme nshasema. Kibetri cha CR2032 kikichoka kwenye kompyuta ya ofisi ni hivyohivyo, ikiwaka asubuhi inaamka na mwaka wa kutengenezwa kwake, karani anaanza kuingiza malipo, baadae intaneti inashika na saa inaruka katikati ya kazi. Raspberry Pi, zile kompyuta ndogo ambazo vijana wengi wanatengenezea kengele za shule na matangazo ya kwenye skrini, kabla ya ile ya 5 zote zilikuja bila saa ya ndani, na hiyo ya 5 yenyewe betri ya saa unainunua pembeni. Alafu kuna watoto wanaosogeza tarehe ya simu mbele ili gemu liwape maisha mapya bila kusubiri, mama anakuja kuchukua simu yake anakuta WhatsApp inamwambia tarehe ya simu sio sahihi, na ile apu yake ya kumkumbusha dawa kila baada ya masaa 12 imeshachanganyikiwa, ama imelia mara tatu mfululizo ama imekaa kimya.

Na sisi wa huku nyanda za juu kusini tuna letu. Tunduma na Nakonde ni kama mji mmoja, mstari tu unapita katikati, ila Tanzania iko saa tatu mbele ya saa za dunia na Zambia iko saa mbili. Ukikaa pale simu ikidaka mnara wa upande wa pili inarudi nyuma lisaa limoja, ukitembea mita chache inaenda mbele tena. Kasumulu mpakani na Malawi ni hivyohivyo, Rusumo kule kwa Rwanda na Kabanga kwa Burundi pia. Kwa ndani sekunde za simu haziguswi, kinachobadilika ni maandishi ya saa tu, kwa hiyo programu iliyoandikwa vizuri haitikisiki. Ila ile iliyoandikwa kwa kuokota maneno, yaani inahifadhi tu kwamba dereva ameanza mapumziko saa 8:40 kisha inatoa hesabu, inakuja kusema amepumzika dakika kumi wakati amepumzika lisaa na dakika kumi, na tajiri wa lori akiisoma Dar anamkata dereva mshahara. Mpaka hapo mtu asiniambie hili ni jambo la kitaalamu tu.

Nataka niliseme na la inkubeta kwasababu nimelishika kwa mikono yangu na linaniuma. Mashine ya kutotolesha vifaranga wa kuku inakaa na mayai siku 21, na mpaka siku ya 18 hivi lazima mayai yageuzwe mara kwa mara, usipogeuza kiinitete kinaganda upande mmoja kinakufa. Vijana wetu wanazitengeneza wenyewe kwa Arduino, kale kabodi kadogo ka kompyuta ka kuendeshea mashine, na kakifaa ka saa kenye kibetri, kazi nzuri kabisa na bei nafuu kuliko za kutoka nje. Mstari wa kugeuza unasema hivi: chukua saa ya sasa, toa saa ya mara ya mwisho, ikiwa imefika masaa mawili washa injini. Sasa kile kibetri kikilegea kwenye kitako chake, na kinalegea sana kwasababu mashine inatikisika, umeme ukikatika na kurudi, aina moja ya hivyo vifaa vya saa inayotumika sana inaamka na tarehe 1 Januari mwaka 2000. Toa hapo saa ya mara ya mwisho iliyohifadhiwa, unapata namba hasi kubwa ya miaka na miaka. Hasi haijafika masaa mawili na haitafika leo wala kesho, kwa hiyo injini haiwaki. Taa inawaka, joto liko sawa, skrini inaonyesha nyuzi 37.7, mfugaji anaangalia anaridhika, kumbe mayai hayajageuzwa tangu umeme ulipokatika. Siku ya 21 anavunja yai moja moja anakuta vifaranga vimekufa ndani vimeganda upande mmoja.

Na kama aliyeandika ametumia aina ya namba isiyokubali hasi, na kila ikigeuza anaisogeza saa ya mwisho kwa masaa mawili tu badala ya kuandika saa ya sasa, basi inakuwa kinyume, hiyo hasi inageuka kuwa namba kubwa mno, programu inaona masaa mawili yameshapita zamani, inageuza, inageuza tena, inageuza tena bila kupumzika mpaka injini inanuka. Chanzo ni kilekile kimoja.

Dawa yake ni rahisi mno. Arduino ina kaunta yake ya ndani inayohesabu milisekunde tangu iwake, haijali tarehe kabisa. Kugeuza mayai hakuhitaji kujua mwaka. Kuna watu wanaiogopa hiyo kaunta kwasababu inajaa na kuanza sifuri kila baada ya siku 49.7 hivi, ila ukitoa ya mwisho kwenye ya sasa kwa namba zisizo na hasi hesabu inatoka sawa hata siku ya kujaa, tatizo liko kwa anayejumlisha kwanza alafu analinganisha. Vifaranga ni siku 21. Mfugaji akiizima mashine kusafisha kati ya awamu hata huko kujaa hafiki.

Nisije nikaonekana nawalaumu vijana wetu peke yao, hili limewaangusha wakubwa wa dunia. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai 2012 wataalamu wa vipimo waliongeza sekunde moja kwenye saa ya dunia, huwa wanafanya hivyo ili saa za atomi zisiachane na mzunguko wa dunia yenyewe, tangu 1972 wameshaongeza sekunde 27. Kwa saa zetu ilikuwa saa tisa usiku. Seva nyingi za Linux, mfumo unaoendesha kompyuta nyingi kubwa za mtandao, zikashikwa na hitilafu, taima za ndani zikabaki zimeachana na saa kwa sekunde moja, programu inayoomba niamshe baada ya nusu sekunde inaamshwa palepale, inaomba tena, inaamshwa palepale, kompyuta ikawa inakimbia kwa nguvu zote bila kufanya kazi yoyote. Reddit, LinkedIn na Mozilla waliyumba, na Qantas, shirika la ndege la Australia, mfumo wa kupokea abiria ulianguka safari zaidi ya 400 zikachelewa. Na tiba ambayo mafundi waliigundua usiku ule ilikuwa kuipangia kompyuta tarehe ileile iliyokuwa nayo, yaani kuiambia sasa hivi ni sasa hivi, basi taima zinajipanga upya na inatulia. Sekunde moja tu hiyo.

Mwaka huohuo tarehe 19 Novemba, seva mbili za saa za kituo cha anga cha jeshi la majini la Marekani, zinaitwa tick na tock, zilianza kutangaza kwamba ni mwaka 2000. Hizo ni saa ambazo kompyuta nyingi duniani zinazifuata kwa imani kabisa, kwa hiyo zilizofuata bila kuuliza zikarudi nyuma miaka 12 na kwenye maofisi mengi watu wakashindwa kuingia kwenye kompyuta zao. Naileta hii kwasababu nikisema weka seva ya saa kuna fundi ataona kamaliza. Hajamaliza. Seva ya saa inasaidia kujua tarehe, haisaidii kupima muda.

Alafu kuamkia mwaka mpya wa 2017 sekunde nyingine iliongezwa, hiyo ndo ya mwisho mpaka leo, na ikaikuta Cloudflare, kampuni inayobeba sehemu kubwa ya mtandao wa dunia. Programu yao iliyoandikwa kwa lugha ya Go ilikuwa inapima majibu ya seva yamechukua muda gani kwa kutoa saa ya kuanza kwenye saa ya kumaliza. Sekunde ikarudiwa, saa ya kumaliza ikawa ndogo kuliko ya kuanza, muda ukawa hasi, hiyo hasi ikapelekwa kwenye sehemu isiyopokea hasi, programu ikaanguka. Marekebisho yalikuwa ni ya alama moja, pale palipoandikwa ikiwa ni sawa na sifuri pakaandikwa ikiwa ni sifuri au chini yake. Wao hawakuficha, waliandika kila kitu hadharani, na miezi michache baadae Go yenyewe toleo la 1.9 ikaanza kubeba ile kaunta ndani kwa ndani ili anayetoa saa kwa saa asiangukie hapo tena. Wakubwa wa vipimo nao mwaka 2022 wamekubaliana hizo sekunde za kuongeza waachane nazo ifikapo 2035.

Kwa hiyo hiyo kaunta ipo tayari karibu kwenye kila lugha ya programu na kila mfumo, hamna cha kuvumbua. Python ina time.monotonic tangu toleo la 3.3 la 2012, Java ina System.nanoTime, Android ina elapsedRealtime, Linux ina CLOCK_MONOTONIC na mwenzake CLOCK_BOOTTIME. Tofauti ya hawa wawili wa Linux ni kwamba wa kwanza hahesabu muda ambao kifaa kimelala na wa pili anahesabu, kwa hiyo kwenye simu na laptop zinazolala chagua vizuri, mteja aliyelipia masaa mawili ya kompyuta kwenye kafe sio haki umhesabie mashine ikiwa imelala, ila dozi ya dawa inaendelea hata simu ikilala.

Nisieleweke kwamba saa ya tarehe haifai. Alamu ya kumwamsha mtu saa kumi alfajiri awahi basi la Dar lazima ifuate saa ya tarehe, na saa ikibadilika ipangwe upya. Daku ni hivyohivyo. Swali la kujiuliza kabla hujaandika mstari ni moja, mteja anataka baada ya muda fulani, au anataka ikifika saa fulani. Baada ya dakika kumi ni kaunta. Ikifika saa kumi alfajiri ni tarehe. Nimeona programu zinatumika kwenye biashara kubwa tu na hilo swali halijawahi kuulizwa na mtu.

Kwa waifai ya vocha kuna ugumu mmoja wa kweli ambao siuruki, kaunta inaanza sifuri kila kifaa kikizima, kwa hiyo peke yake haitoshi, umeme ukikatika hesabu inapotea. Njia ninayoitumia na inakaa ni kutoandika tarehe ya kufa kabisa. Andika salio. Vocha ina sekunde 86,400, kila baada ya dakika kadhaa punguza zilizopita kwa mujibu wa kaunta alafu hifadhi kilichobaki kwenye kumbukumbu isiyofutika. Umeme ukikatika mteja anapoteza dakika chache au anapata dakika chache za bure, basi, na masaa ambayo umeme haupo hahesabiwi, ambayo kwa maoni yangu ndo haki, mtu kanunua masaa 24 ya intaneti sio masaa 24 ya giza. Kwa anayelazimika kutumia tarehe ya kufa basi ruta isipokee vocha yoyote mpaka imeshapata saa kutoka nje, na kabla ya hapo iandike kwenye ukurasa wa kuingilia subiri kidogo mtandao unajiweka sawa. Na iwe na akili ya kukataa tarehe iliyo nyuma ya siku programu yenyewe ilipotengenezwa, hakuna vocha iliyouzwa Mbeya mwaka 1970.

Kuna mafundi wananiambia waiache saa ijirekebishe pole pole badala ya kuruka. Ni kweli NTP, ule utaratibu wa kuulizana saa ambao Profesa David Mills wa Chuo Kikuu cha Delaware aliuasisi miaka ya 1980, ikikuta saa imekosea kidogo huwa inaivuta taratibu bila kuruka. Lakini kasi yake ya kuvuta ina kikomo, sehemu 500 kwa milioni, maana yake kurekebisha sekunde moja tu inachukua sekunde 2,000, zaidi ya nusu saa. Lisaa limoja lingechukua siku 83. Ruta iliyoko 1970 huivuti, lazima iruke, kwa hiyo programu ndo inatakiwa iwe tayari kwa mruko.

Ndugu Mhariri, naamini wananchi wakielezwa wanaelewa. Wote tunakumbuka ile ya LUKU mwaka 2024. Tokeni za umeme za mfumo ule unaotumika nchi nyingi zilikuwa zinabeba ndani yake hesabu ya dakika tangu tarehe 1 Januari 1993, na nafasi ya kuhifadhi hiyo hesabu ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024, ikabidi kila mita iingizwe namba mbili ndefu kwanza ndo uingize ya umeme. Bibi zetu vijijini waliingiza. Kenya nao waliingiza. Walitangaziwa mapema, wakaonyeshwa cha kufanya, wakafanya. Hili la vocha halijatangaziwa mtu ndo maana linaishia kwenye ngumi.

Kwa hiyo naomba mambo machache. Vyuo vinavyofundisha programu, kaunta na saa ya tarehe zifundishwe wiki ya kwanza ambayo mwanafunzi anajifunza taima, na mtihani wa vitendo uwe na kuchomoa waya. Anayenunua programu yoyote inayohesabu muda, iwe ya kafe, ya kibanda cha gemu, ya maegesho, ya inkubeta, kabla hajalipa amwambie muuzaji afanye mbele yake: anza kuhesabu, peleka tarehe mbele siku moja, uangalie, rudisha nyuma siku mbili, uangalie, chomoa umeme, washa bila intaneti, uangalie, kisha uipe intaneti. Ni kazi ya robo saa, na anayekataa kuifanya usimpe hela yako.

Na wenye waifai za vocha, tafadhali sana, warudishieni wateja masaa yao badala ya kubishana nao mlangoni. Huhitaji kumwamini wala kutomwamini mtu, fungua logi ya ruta yako, yaani daftari lake la matukio, ukikuta mstari umeandikwa 1970 na unaofuata umeandikwa tarehe ya leo basi shuka uone vocha zilizokatwa kwenye dakika ya kwanza baada ya hapo, namba zake zimeandikwa zote. Hizo zote warudishie wenyewe.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi wa mitandao, Mbeya